Naenda Rongo, Sina Mzigo

Siku hizi nikivua buti jioni nakaa kwanza kitandani, soksi mkononi, siendi kokote. Nakaa tu. Mwili wangu bado ni wa kijana, daktari akinipima atanifukuza nisimpotezee wakati. Lakini kuna uchovu mwingine ambao haukai kwenye misuli, na huo niliupata pale steji ya bodaboda ya Uriri, nilipokuwa polisi ambaye hakutakiwa kuwa polisi. Nataka kueleza habari za ile Ijumaa ambayo mwenyekiti wetu wa steji angefungwa kwa ajili ya mzigo asioujua, na aliyeuona mzigo huo nilikuwa mimi.

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mama yangu aliwaambia majirani kwamba "zinatosha", na kweli zilitosha, maana siku ya kuandikisha polisi walitaka mtu wa mbio. Mimi nimezaliwa bonde la Lambwe, nimekua nikiwakimbiza ng'ombe wa baba wasivuke kuingia mbugani. Nilikimbia siku ile huku nikicheka, mpaka afisa mmoja akauliza kama niko sawa kichwani. Nilikuwa najiona tayari: kituo changu kidogo chenye maua mlangoni, benchi yenye kivuli, na mtu akija kushtaki anapewa maji ya kunywa kabla ya kuulizwa jina. Hata rangi ya benchi nilikuwa nimechagua. Buluu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Homa Bay, na mkuu wake alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye sote tulimwita Mama. Kazi ya Mama ilikuwa kutembea. Gari lilikuwepo, lakini alisema ukipita na gari watu wanaona vumbi tu. Basi tulikuwa tunavaa sare asubuhi na kushika njia, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na bunduki. Tunafika kwa mtu, anaketi. Anauliza habari za mguu wa mzee, mtihani wa mtoto, mahindi. Mwenye nyumba akiwa anachambua mboga, Mama anavuta kiganja cha mboga naye anachambua. Mara nyingine tunaondoka bila kuuliza hata swali moja la polisi.

"Mama, sasa tumefanya kazi gani?" nilimuuliza siku moja, jasho linanitiririka.

"Tumesalimia."

"Na wale maksai walioibwa?"

"Hao watatajwa. Ngoja nyumba hii ituzoee."

Na walitajwa kweli. Ziara ya tatu au ya nne, mama wa boma moja alitusindikiza mpaka kwenye ua na kumnong'oneza Mama jina huku akijifanya anakata majani ya mbuzi. Ila tulipofika huko tulikuta ngozi mbili zimewambwa juani. Mwenye maksai aliketi chini, akashika ile ngozi ya baka jeupe, akaniuliza mimi, si Mama, "Mngekuja Jumapili je?" Usiku ule Mama hakula. Nasema hivyo ili mtu asidhani namsifu bure. Njia yake ilikuwa nzuri na ilikuwa polepole, na vitu vingine havingoji.

Baadaye nikahamishiwa Migori, kwa kikosi cha wasiovaa sare. Mkubwa wetu huko alikuwa mtu mwembamba mwenye vidonda vya tumbo, anayetembea na maziwa lala, yale ya kuganda, kwenye chupa ya plastiki. Hakuwa na kelele. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatu mpaka nywele, akasema, "Sura yako ni ya mtu ambaye hawezi kuwa polisi. Vizuri sana."

Nilifurahi, kisha nikafikiria tena ile sentensi.

Yeye aliamini polisi akionekana kazi imeharibika, na alikuwa na sababu. Alipokuwa kijana kama mimi alisimama barazani na sare yake mpya, akauliza mbele ya watu nani anajua wezi wa pikipiki. Mzee mmoja akasimama, akajibu. Wiki hiyohiyo nyumba ya yule mzee ikachomwa. "Hakufa," mkubwa aliniambia, akifunga chupa yake. "Lakini tangu siku hiyo sitaki mtu anione nikiuliza."

Akanipa pikipiki ya zamani na koti la kung'aa la bodaboda, akanituma Uriri. Bangi ilikuwa inapanda kutoka mpakani na kushukia Rongo, ambako kuna wanafunzi wengi na soko kubwa, na kila mara ilikuwa inapita juu ya pikipiki. Kazi yangu ilikuwa kukaa steji, kuendesha abiria, kufungua masikio. Kituo cha Uriri kisijulishwe. Mtu yeyote wa sare asijulishwe. Kila Jumanne niende Migori, nyuma ya karakana moja ya mbao, nimpe habari.

Steji yenyewe ilikuwa kando ya barabara kuu, chini ya mabati waliyoezeka wenyewe, na mbele yake kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na nyoyo, ile mahindi na maharagwe ya kuchemshwa. Palikuwa na Wajaluo, Wakuria na Mluhya mmoja aliyeoa hapo, kwa hivyo lugha ya steji ilikuwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha huku ambacho hakijali sana ngeli. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Kila asubuhi, kabla hajachukua abiria, alimpeleka bintiye shule, mtoto ameketi mbele kwenye tenki, ameshika usukani kama ndiye dereva. Mwenyekiti akipita nasi tunamsalimia mtoto kwanza. "Dereva, hujambo?" Na yule mtoto, bila kucheka, anapiga honi.

"Wewe umetoka wapi?" mwenyekiti aliniuliza siku ya kwanza.

"Lambwe."

"Lambwe! Kwa mbung'o! Omera, ndugu yangu, na hiyo usingizi umekuja nayo ama umeacha huko?"

Wakacheka wote. Kwao nikabaki mtu wa mbung'o, hata mama wa chai akawa ananitania kwamba nikisinzia atanipeleka sindano. Sikukasirika. Nilipenda. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana mkubwa alikuwa ameniambia nikae nao, hakuniambia nisiwapende.

Steji ile ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mwendeshaji hawezi kuondoka kwenda mbali bila kuaga. Anasimama katikati ya wenzake, hata kama abiria ana haraka ya kufa, anasema kwa sauti anakoenda, amebeba nini, na njia atakayopita. Wenzake wanamwuliza, "Na mzigo?" anataja. Ndipo wanamjibu wote kwa pamoja: "Urudi." Basi anaondoka. Walianza hivyo baada ya mwenzao mmoja kukodiwa na abiria asiyejulikana, akapatikana maiti ndani ya miwa, na aliyempata ni mkata miwa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua alielekea upande gani. Tangu hapo kuaga kukawa sheria kuliko kofia ngumu. Wenye mzaha waliaga hata wakienda choo.

"Naenda choo, napita nyuma ya kibanda!"

"Na mzigo?"

"Niko nayo!"

"Urudi! Lakini mzigo iache huko!"

Na mimi, kila nilipokuwa naelekea mbali, niliaga. Naenda Awendo, nimebeba mama na kuku watatu. Urudi. Sijui kama mtu ambaye hajaambiwa neno hilo ataelewa. Unaendesha kwenye vumbi, malori ya miwa yanakusukuma nje ya lami, na mgongoni kuna watu zaidi ya kumi wamekuambia urudi. Ni Jumanne tu nilikuwa siagi. Ningeaga vipi? Naenda Migori nyuma ya karakana ya mbao, mzigo ni ninyi? Nilisubiri wakiwa wamejaa abiria, nikawasha, nikateleza.

Uchovu ulianza hapo. Kuendesha si kitu, mgongo unauma na unalala. Lakini kusikiliza! Mtu anakueleza mkewe amerudi kwao, machozi yako karibu, nawe ndani ya kichwa chako kuna mtu mwingine mdogo ameketi anapima: hii ni habari, hii si habari. Nilikuwa nikirudi chumbani nashindwa kujua ni nani amechoka, yule wa kucheka au yule wa kupima. Nilikuwa naota niko kituoni kwangu, maua yamechanua, benchi ni ya buluu, lakini walioketi wote wamenipa mgongo.

Miezi ikapita sina cha maana. Mkubwa hakunigombeza, alikunywa maziwa yake tu. Kisha ikaja ile Ijumaa ya pancha.

Mwenyekiti alikuwa na mteja wa Ijumaa, mwanamume mmoja mtaratibu ambaye alimpa magunia mawili ya omena, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye njia panda ya kwenda mpakani, ayafikishe kwenye stoo moja Rongo. Kila Ijumaa alipita steji nayo na kuaga kama kawaida, omena gunia mbili, napita barabara kubwa, urudi. Siku hiyo gurudumu la nyuma likaisha upepo palepale mbele ya kibanda. Tukashusha magunia, tukayaegemeza ukutani, yeye akaanza kufungua gurudumu.

Mama wa chai alikuwa na paka wa rangi ya majivu, mwizi asiye na aibu. Pikipiki ya omena haikuwahi kusimama pale bila yule paka kulia na kuparura gunia mpaka apigwe na mwiko. Siku hiyo alikuja mbio, akalia mara moja tu kwenye mdomo wa gunia la kwanza pale juu, akanusa katikati, akanusa chini. Akaenda zake kulala juani.

Nilisogea, nikajifanya naweka gunia vizuri. Omena kavu ukiiminya inalia kama majani makavu. Hapo juu ililia. Chini kidogo haikulia. Iliingia ndani, ikarudi polepole kama godoro.

"Hiyo usiikalie, mtu wa mbung'o," mwenyekiti akaniambia bila kuinua kichwa, mikono imejaa grisi. "Ukilala hapo watu wa Rongo watakukaanga."

Nikamtazama. Nilimtazama sana. Mtu anayejua yaliyo ndani ya gunia hawezi kuliacha ukutani, akalipa mgongo, akachekesha. Labda anaweza. Lakini huyu hakuwa anajua. Kwao kuna sheria nyingine: mzigo wa mtu haufunguliwi. Unabeba kama ulivyopewa na unataja kama ulivyotajiwa, basi.

Jumanne nilimweleza mkubwa. Nilieleza yote kwa sababu ndiyo kazi niliyoapa, na pia kwa sababu nilidhani atafurahi tufuate gunia mpaka stooni.

"Umehakikisha?"

"Nimeiminya, mkubwa."

"Basi Ijumaa. Tunamshika pale darajani kabla ya Rongo."

"Mkubwa, yeye hajui. Kweli tena, hajui."

"Hata ningekuwa mimi, ningesema sijui."

"Tumwache afike. Tuone nani anapokea."

Akaikunja kofia yake kwenye goti, akaikunjua. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Mara mbili nimeacha mzigo uende ili nione nani anapokea," akasema. "Mara mbili umeingia sokoni ukanipotea. Ukipotea mara ya tatu nani ataulizwa? Wewe?"

"Lakini atafungwa, mkubwa. Ana mtoto, anampeleka shule kwa tenki…"

"Wote wana watoto," akasema, si kwa ukali. "Hata mimi ninao. Nenda, na usikae karibu naye Ijumaa."

Nilirudi Uriri polepole mpaka malori ya miwa yakanipigia honi. Nikimwambia mwenyekiti, nimeuza kazi ya serikali na labda mwenye mzigo atasikia, atoroke, au afanye lingine baya. Nisipomwambia, yule mtoto atashushwa kwenye tenki. Nilipanga maneno njia nzima na hakuna hata moja lililokaa sawa. Nilipofika steji nilikuta hakuna abiria, hakuna mzaha, wenzangu wote wamekaa duara na nafasi moja imeachwa wazi katikati.

"Kaa hapo," mwenyekiti akasema.

Nikakaa. Nilijua nimegunduliwa. Nilikuwa hata nimeanza kupumua vizuri, niseme ukweli, kama mtu anayeambiwa atue mzigo.

"Umetoka wapi?"

"Hapo… upande wa Migori."

"Uliaga nani?"

Nikaanza kufunga zipu ya koti.

"Kila Jumanne," akasema Mkuria mmoja mrefu ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. "Kila Jumanne inapotea. Haiagi. Inarudi uso imekunjamana kama ya mwizi wa kuku."

"Omera, unabeba nini?" mwenyekiti akauliza. Sauti ya kuuza ng'ombe haikuwepo. "Usitudanganye. Tunajua bangi inapita hapa. Sisi wote tunaaga, ni wewe pekee huagi. Wamekuingiza?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kufuta uso kwa mkono wa koti, na wao wakaona hilo ndilo jibu.

"Mnaona?" akasema yule Mluhya kwa huruma. "Kijana mdogo hivi!"

"Sikiza," mwenyekiti akasema. "Tumeketi tangu mchana juu yako. Kuna waliosema tukufukuze. Mimi nimekataa. Ukifukuzwa utaenda steji nyingine ushikwe huko, na huko hawakujui, watasema ni jambazi. Kesho asubuhi nakupeleka kituoni mwenyewe. Kuna mama mpya ameletwa, anatembea na mwavuli, alikunywa chai hapa juzi. Huyo ni mtu wa kuongea naye. Utasema kila kitu, na sisi tutasema wewe si mtu mbaya."

Mwavuli. Nilikuwa nimesikia kwamba Mama ameletwa Uriri, na kila nilipoona mwavuli barabarani nilikuwa naingiza kofia ngumu kichwani.

Asubuhi mwenyekiti alimpeleka bintiye shule, kisha akaja kunichukua chumbani kwangu. Alisema niache pikipiki yangu, nisije nikakimbia. Tulipopita steji alisimama katikati ya wenzake. "Naenda kituo cha polisi. Nimebeba mtu wa mbung'o. Napita njia ya juu." Hakuna aliyecheka. "Urudi," wakasema, na mmoja akaongeza, "Mrudi wote wawili."

Mama alikuwa ameketi nje ya ofisi, uji mkononi. Alituona tukishuka. Alinitazama mimi, akatazama koti langu la kung'aa, akatazama tena uji wake. Uso wake haukusogea hata kidogo. "Karibuni wanangu. Mmekunywa chai?"

Ikaletwa chai. Mwenyekiti akaanza kunitetea. Alisema mimi hubeba vikongwe bure, kwamba wakati mama wa chai alipougua nilimchotea maji, kwamba kosa langu ni ujana na upole, mtu akiniambia shika hiki nashika. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa natazama vidole vyangu vya miguu, kwa sababu sijawahi kusemewa mazuri kiasi hicho na sikustahili kuyasikia nikiwa nimeketi pale.

"Nimesikia," Mama akasema. "Na wewe baba, steji yenu hubeba nini?"

Aliuliza hivyo tu, kama anavyouliza habari za mahindi. Na mwenyekiti akamwambia. Alitaja nyanya za Jumatatu, mbolea, jeneza alilowahi kubeba na akashinda akiota. Alitaja omena za Ijumaa: njia panda gani, mwanamume wa namna gani, anavaa nini, anapiga simu saa ngapi, stoo ya Rongo iko nyuma ya kinu kipi cha kusaga, na kijana anayepokea ana kovu wapi. Yote niliyotumwa kuyaiba kwa miezi, aliyatoa kabla ya kikombe cha pili, kwa mwanamke mwenye sare aliyekuwa amemuuliza.

"Hizo omena," Mama akasema, "umeshawahi kuzifungua?"

"Mzigo ya mtu haifunguliwi, mama."

"Ni kweli. Na mnuko wake, unatosha gunia mbili?"

Nikaona jambo likitembea usoni pake, polepole, kutoka kwenye paji kwenda chini. Huenda alimkumbuka paka. Aligeuka akaitazama pikipiki yake iliyosimama kwenye jua, pale nyuma kwenye kiti, mahali magunia hukaa. Kisha akatazama pale mbele kwenye tenki.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nina mtoto."

"Najua. Umekuja mwenyewe, na umesema mwenyewe, na leo ni Jumatano, Ijumaa haijafika. Kaa hapo unywe chai."

Akampigia simu mkubwa wangu, maana alijua nilihamishiwa kwa nani, lakini si mbele yetu. Mkubwa alifika kabla ya adhuhuri, akaingia ofisini, tukawasikia kupitia dirishani.

"Umeniharibia kazi ya miezi."

"Sikujua una kazi hapa. Ungenijulisha."

"Nikijulisha kituo, inajua soko lote!"

"Soko lote lilikuwa linajua, afande. Halikujua tu kwamba ni bangi."

Kisha sauti ya mkubwa, imechoka: "Huyu mtu wako akichomewa nyumba je?"

"Ndiyo maana nakuhitaji," Mama akamjibu. "Mimi sijui kujificha. Wewe unajua."

Wakaongea tena, chini kwa chini. Mlango ukafunguliwa, mkubwa akatoka. Na hapo mwili wangu ukaniumbua. Sikufikiria. Visigino viligongana, mgongo ukanyooka, mikono ikashuka ubavuni, nikasimama kama mti wa bendera nikiwa na koti la bodaboda. Hakuna aliyekuwa ameniamuru.

Mwenyekiti alikuwa ameketi bado. Alinitazama kutoka chini kwenda juu.

"Kumbe," akasema.

Nikaanza kuvua lile koti.

"Nimekuleta hapa mwenyewe. Na pikipiki yangu." Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. "Nikikuombea."

Ijumaa mwenyekiti aliyabeba magunia kama kawaida, kwa hiari yake. Mama alimwambia anaweza kukataa. Alimpeleka binti shule kwanza, akachukua mzigo njia panda, akaja steji, akasimama katikati. "Naenda Rongo. Omena gunia mbili. Napita barabara kubwa." Wenzake, wasiojua lolote, wakajibu kwa pamoja. Nami nikajibu, lakini yangu haikutoka, ilibaki mdomoni. Nyuma yake pakapita gari kuukuu la kabichi, na ndani yake, amevaa kofia ya mkulima, mkubwa wangu na chupa yake ya maziwa. Aliendesha vizuri sana. Hata mimi ningedhani anauza kabichi.

Niliketi pale hadi alasiri. Mama wa chai aliniletea nyoyo, sikuigusa, paka akaila. Kila mlio wa pikipiki nilikuwa nasimama. Mwenyekiti aliporudi alikuwa mtupu nyuma, akapitia shule, akamchukua bintiye, akapita mbele yetu. "Dereva, hujambo?" wenzangu wakaita. Mtoto akapiga honi. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikanawa uso mara nyingi kuliko ulivyohitaji.

Kijana wa stoo alishikwa na magunia mikononi. Yule mtaratibu wa njia panda alipotea siku hiyohiyo, labda alivuka mpaka, hajaonekana tena. Mkubwa alisema kazi imekuwa nusu. Mama alisema, "Baba wa mtoto amelala kwake." Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na sikuwaona wakibishana. Walikuwa wameketi kwenye benchi moja, wazee wawili wenye miguu inayouma, na mkubwa akamgawia maziwa lala.

Mimi niliomba kurudi kwenye sare. Niko Uriri, chini ya Mama, natembea. Bado nina ndoto yangu, na Mama ameniruhusu nipande maua kando ya mlango, ingawa mbuzi wa jirani anayapenda kuliko mimi. Steji wamebadilisha sheria yao: sasa gunia linafunguliwa pale chini ya mabati, mwenyewe akiwepo, na paka anaitwa. Wanacheka wakimwita, lakini wanamwita.

Nikipita, wenzangu wa zamani wananisalimia afande. Mama wa chai ananipa chai bila kunitania sindano. Mwenyekiti hunijibu salamu kama mtu anavyomjibu serikali. Simlaumu.

Juzi nilitumwa Rongo, kwa miguu hadi barabarani kisha nipande gari. Nilipofika mbele ya steji miguu ikasimama. Wote walikuwepo. Nilijisikia mjinga na buti zangu na kofia yangu, lakini nilikuwa nimechoka kupita kimya. Nikasema kwa sauti, "Naenda Rongo. Napita barabara kubwa."

Mkuria mrefu akatazama chini. Mwenyekiti alikuwa anafuta tenki kwa kitambaa, akaendelea kufuta, mduara juu ya mduara, mpaka nikaona ni bora niondoke.

"Na mzigo?" akauliza, bila kugeuka.

"Sina mzigo."

Akaendelea kufuta. Ile "urudi" hakuisema, wala wengine hawakuisema kabla yake. Nilingoja kidogo, kisha nikavuka barabara. Lakini aliniuliza mzigo.